Jina la Kuchongwa Kwenye Kengele

Mdogo wangu Loveday alijifungua wakati mumewe, Digory, yuko chini ya bahari. Meli yake ya mizigo ilipigwa na nyambizi huku ikisindikizwa na manowari ya Kapteni Ambrose Rodwell, ile ile ambayo mji wetu wa pwani huko Cornwall, Uingereza, uliichukua kama mwana wa kulea. Tuliwafumia mabaharia wake soksi, hata mimi nisiyejua kufuma. Kapteni alipopewa nishani kwa kuwafukuza Wajerumani siku hiyo, tulijigamba utadhani sisi ndio tuliokuwa usukani.

Loveday akataka mtoto abatizwe kwenye manowari hiyo, ndani ya kengele ya meli iliyogeuzwa na kujazwa maji, kama wafanyavyo mabaharia. Jina la mtoto huchongwa ndani yake. Kapteni angekuwa baba wa ubatizo, na mtoto angeitwa Ambrose.

"Mwenyewe kakubali?" nilimuuliza.

"Kaitikia kwa kichwa tu. Ana haya kama bwana harusi."

Siku ikafika. Kapteni alimpokea mtoto, akamshika mbali na kifua chake.

"Mshike vizuri, Kapteni, si bomu hilo," nikamtania. Laiti ningenyamaza.

Kasisi akasema, "Taja jina la mtoto."

Kapteni akasema, "Digory."

"Ambrose," Loveday akamsahihisha.

"Siwezi, Bibi Hosking. Mumeo alikuwa anaelea majini na wenzake, wazima. Mitambo yetu ikasikia kitu chini yao. Nikaamini ni nyambizi. Nikapita katikati yao nikiangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji."

"Ilikuwa nyambizi?" Loveday akauliza.

"Samaki. Waliibuka wengi, wamekufa."

Mabaharia wakatazama viatu vyao. Walijua wote. Mimi niliona aibu hadi masikioni, kwa soksi zile na kwa majigambo yangu yote sokoni.

Loveday akamchukua mwanawe.

"Walikuona unakuja?"

"Walituona. Walishangilia, Bibi. Walidhani tunakuja kuwaokoa."

Loveday akamkumbatia mtoto. Halafu akamgeukia kasisi.

"Anaitwa Digory. Mbatize humu humu, na jina lichongwe kubwa. Mabaharia hawa walisikie kila wakipiga kengele."

Mtoto alilia alipomwagiwa maji. Kapteni akaivua ile nishani, akabaki nayo mkononi. Hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea.