Nyumba Ambazo Hazikufikiwa

Victoria alitua madumu yake nyuma ya madumu ya Ezbon, pale kwenye foleni ya tangi la maji, mtaani Gudele, Juba. Alikuwa amevuka khor, ule mkondo wa mvua unaoukata mtaa vipande viwili, na kanga yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Mgongoni alimbeba Jada, mwanawe wa miaka miwili. Mtoto hakulia wala hakucheka. Miguu yake ilikuwa imevimba na kung'aa.

"Ezbon, we iko nasoma hesabu pale yunivasiti," Victoria alisema. "Na ni we ilipita na watu ya chakula, napima watoto. Mbona lori ilienda upande ingine, ikaacha sisi?"

"Sijui, mama Jada."

Alijua. Mwezi uliopita shirika moja la misaada lenye ofisi mtaa wa Thongpiny lilimchukua kwa kazi ya muda kwa sababu alikuwa mwaka wa nne wa hesabu, na yeye ndiye aliyezichagua nyumba za kupima kwa kura, kama alivyofundishwa. Nyingi ziliangukia ng'ambo ya khor, kwenye mahema ya watu waliokimbia mapigano huko vijijini. Siku ya kupima mvua ilinyesha, na askari wa darajani wakalizuia gari mpaka wapewe chochote. Jioni ilikuwa inakaribia. Ezbon akawaambia wapimaji wachukue nyumba za kando ya barabara badala yake, zile za mabati, ambazo watoto wao walikuwa wakinywa uji wa maziwa. Majibu yalionyesha kwamba upande ule wa Gudele hauna njaa kubwa. Aliyapanga vizuri, akasifiwa.

Alifikisha maji nyumbani, akaenda darasani.

Mwalimu Severino alikuwa hajalipwa mshahara tangu kabla ya mvua, lakini alikuja na suti yake ileile, na chaki alizivunja vipande ili zitoshe wiki. Wanafunzi walikuwa wamebaki watano. Wengine walikuwa wamekimbilia Uganda.

"Nyumba imechaguliwa kwa kura, na wewe hukuifikia," Severino alisema. "Utafanya nini?"

"Nitarudi," mwanafunzi Helen akajibu, akiwa amesimama.

"Ukishindwa kurudi?"

"Nitaandika kwamba sikufika."

"Huwezi kuchukua ya jirani?"

"Jirani si yeye, mwalimu. Huenda usiyemfikia ndiye mwenye shida, na shida yenyewe ndiyo iliyokuzuia kumfikia."

Severino alitabasamu. Helen hakuketi. "Lakini mwalimu, masomo magumu hivi yanatuandaa kwa nini? Emilio alimaliza mwaka jana, sasa anaendesha boda."

Mwalimu alijipangusa chaki mikononi. "Kweli, Emilio anaendesha boda. Mwingine yuko kambini, anafundisha watoto kujumlisha. Lakini na mwenzenu huyu, mashirika yamemtafuta yenyewe." Alimtazama Ezbon kama baba anavyomtazama mwanawe siku ya harusi. "Waambie, Ezbon. Masomo haya yanafaa?"

"Yanafaa," Ezbon alisema, macho kwenye dawati.

Baada ya kipindi alikwenda Thongpiny kwa miguu. Fortunato, msimamizi wake, mtu aliyekulia Kampala uhamishoni, alikuwa peke yake ofisini.

"Kaka, zile nyumba za ng'ambo ya khor hatukuzifikia."

"Najua. Si nilikuwa kwenye gari?"

"Basi majibu yetu si ya kweli. Nipe gari nirudi."

"Khalas, Ezbon, yamekwisha. Ripoti imeshaenda, malori yameshagawanywa. Tutapima tena mvua zikiisha."

"Basi tuandike kwamba hatukufika."

Fortunato aliinuka akafunga mlango. "Nikiandika hivyo wataniuliza, nani alibadilisha nyumba? Nimtaje nani?" Akavuta karatasi mezani. "Huu mkataba wako wa awamu ijayo. Ni mwanafunzi gani mwingine hapa Juba aliye na kazi kabla ya kumaliza? Usijiharibie, ndugu yangu."

Ezbon angependa kumchukia, akashindwa. Siku ile Fortunato hakumwamuru kitu. Alitazama saa yake tu. Wazo lilikuwa la Ezbon mwenyewe, na ni yeye aliyejua jinsi ya kuyatengeneza majibu yasionyeshe kovu.

Alitia saini. Alipokuwa akitoka, alichomoa kwenye katoni utepe mmoja wa plastiki wa kupimia mikono ya watoto, akautia mfukoni bila kuomba.

Hakupitia nyumbani. Alikunja suruali, akavuka khor, akamkuta Victoria akichochea moto chini ya sufuria ya majani ya porini.

"Mama Jada, siku ile tulikuwa tupime hapa. Kura iliangukia hema lako. Mimi ndiye niliyeweka nyumba nyingine badala yake."

Victoria aliendelea kukoroga. "We iliandika sisi iko sawa?"

"Ndiyo."

Ezbon alingoja matusi. Aliyataka. Victoria akaweka mwiko chini, akamfungua Jada mgongoni, akaunyoosha mkono wa mtoto mbele yake. Ezbon akauzungusha utepe. Ulipita rangi ya kijani, ukapita njano, ukaishia kwenye nyekundu, rangi ya njaa kali, na bado ulipwaya.

"Na sasa?" Victoria aliuliza.

Wanawake wa mahema ya jirani walikuwa wameuona utepe. Walikuja na watoto wao, mmoja akimpangusa binti yake kamasi, mwingine akimvua wake shati haraka haraka.

"Shirika imekuja!" mmoja alisema.

Ezbon alitikisa kichwa.

"Hapana shirika," Victoria akawaambia. "Ni Ezbon tu."

Hakuna aliyeondoka.