Kiolezo Kisichoguswa

Nyumbani kwa fundi hakuna kilichotunzwa kama kiolezo cha gauni la manesi alichoachiwa na marehemu mama mkwe wake. Karatasi ya kaki tu ya kukatia kitambaa, lakini ilivikwa shuka na kulazwa chini kabisa ya sanduku. Watoto wa nyumba hiyo hawakuwahi kutunzwa hivyo.

Kukitumia, ng'o. Kila nakala ilipochakaa, fundi aliilaza juu ya karatasi mpya, akapitisha penseli nje ya ukingo, kisha akakata nje ya mstari, kwa usalama. Nakala kuukuu akawashia jiko. Nakala ya nakala ya nakala, na kila moja akiiapia kuwa ndiyo ile ile ya mama.

Basi matroni wa hospitali akaja amevaa gauni jipya, mabega yakimning'inia karibu na viwiko.

"Fundi, hili gauni au hema? Likija lingine hivi, kazi naipeleka kwingine."

"Kiolezo hakijabadilika, mama. Labda manesi wamekonda. Kazi zenu ngumu."

Matroni, ambaye kukonda alikusikia kwa watu, alimtazama tu akaondoka.

Wifi yake fundi alikuwa pembeni akitia vifungo. "Wamekonda wote, wifi? Hata huyu? Basi tuwaombee."

"Cheka tu."

"Fungua sanduku tupime."

"Mama yako angesemaje?"

"Angeuliza kesho tutamshonea nani."

Bila hospitali, wangebaki kupunguza suruali za majirani. Fundi akafungua sanduku, akalaza karatasi ya mama juu ya nakala. Nakala ikachungulia pande zote, upana wa kidole. Mabegani viwili, maana huko usalama ulizidi.

Wifi hakucheka. Afadhali angecheka.

"Mimi nilisema labda," fundi akasema.

"Labda, ndiyo. Nilisikia."

Fundi akachonga penseli mpaka ikawa kama sindano, akatandika boksi gumu, akaweka karatasi ya mama juu. Pini mkononi, akasita.

"Nitaitoboa."

"Iangalie vizuri, wifi."

Akainama. Ukingo mzima ulikuwa matundu matupu, kama chujio. Mama alikuwa akiibana kwa pini kila alipokata, maisha yake yote.

Fundi akachagua tundu mojawapo, akapitisha pini.

"Shika huko," akasema, "na usiniangalie."