Fomu Zisizo na Majina

Fomu thelathini na moja zilirudi mezani kwa Selipher, na zote zilisema neno moja: hakuna aliyekosa usingizi, hakuna aliyelia, hakuna aliyeogopa kwenda kazini. Selipher, Mkenya aliyesimamia wanawake wa usafi katika jengo la ofisi pale Al-Murabba, Riyadh, alijua ni uongo. Mwezi huo pekee tisa walikuwa wameugua wakashindwa kwenda kazini. Mmoja wao, Valary, alikuwa akitapika kila asubuhi kabla gari la kampuni halijafika.

Alizunguka chumbani, akaketi, akainuka tena. Mwishowe akampigia daktari wa kampuni aliyekuwa Jeddah. Ndiye aliyetuma fomu hizo, ili waliolemewa na kazi wasaidiwe kabla hawajaugua.

"Wanaogopa, daktari. Juu kuna jina na namba ya ikama, kibali cha ukaazi. Wanaona ukisema umechoka, unakatiwa tiketi ya kurudi Kenya."

"Basi ondoa majina. Lakini nitamsaidiaje mtu nisiyemjua?"

"Chini tuweke nafasi ya namba ya simu. Anayetaka aandike."

Fomu mpya ziligawiwa, na safari hii majibu yalimtisha. Ishirini na wawili hawakuwa wakilala vizuri. Sita waliandika namba zao. Ya Valary haikuwemo.

Alimkuta stoo, anakunja matambara ambayo tayari yalikuwa yamekunjwa.

"Mbona hukuandika?"

"Sista, nina mtoto shuleni. Na wakinirudisha?"

"Hawatakurudisha," Selipher akasema, ingawa hakuwa na hakika.

Yeye mwenyewe akampigia daktari, kisha akampa Valary simu aongee. Daktari akampa siku kumi za mapumziko.

Siku hizo Selipher hakutulia. Kila simu ilipolia alidhani ni kafili, mwajiri aliyewadhamini, anaulizia pasipoti ya Valary ili amrudishe Kenya. Alimfokea Rosebellah, mwingine wa wanawake wa usafi, kwa ndoo iliyoachwa mlangoni, kumbe aliyeiacha ni Selipher mwenyewe. Akaomba msamaha.

Mapumziko yalipoisha, Valary akahamishwa kwa agizo la daktari. Siku mbili baadaye akatuma ujumbe wa sauti kutoka Jeddah: yuko ofisi ya Al-Rawdah, shifti ni masaa manane badala ya kumi na mawili, na hakuna aliyemtajia kurudi nyumbani.

Selipher aliwasikilizisha wenzake ujumbe huo wakisubiri gari.

"Ile nafasi ya kuandika namba," Rosebellah akauliza, "bado ipo?"

Wengine wanne wakasogea kusikia jibu.