Nchi ya Walioambiwa Wasogee

Usingizi haumpigii Nyange hodi. Unamkuta mchana kweupe, jua limebana bati la nyumba ya wageni, amekaa mbele ya kompyuta, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta, na kwenye kioo Mwandawiro anacheka. Mwandawiro ni marehemu. Alipigwa picha hii akiwa juu ya dungu lake la kulindia katikati ya mahindi, akieleza anavyofukuza ndovu kwa kelele za debe na moshi wa pilipili, na mahindi hayajakomaa ndovu jike akaingia shambani asijali debe wala moshi. Leo asubuhi wenye filamu, walioko ng'ambo, wamepiga simu. Nyange, wamesema, kazi nzuri mno, ndovu wako wanaliza, ila yule mkulima mtoe. Mtazamaji akijua ndovu ameua mtu hatampenda tena, na asipompenda, nani atamlinda? Naye Nyange, aliyeota mvi akifuata nyayo za ndovu hao hao, anajua maneno hayo si ya kipumbavu. Lakini mjane, Mkamburi, hana picha nyingine ya mumewe duniani. Hata kitambulisho kilipondwa pamoja na mfuko wa shati. Jioni filamu itaonyeshwa kijijini, juu ya shuka jeupe ukutani mwa zahanati, naye ameomba jambo moja tu: nimwone uso. Afute, asifute? Kidole kinakuwa kizito, kope zinakuwa nzito kuliko kidole, kioo kinalegea kama ugali uliozidi maji, na Nyange anaingia humo kichwa kwanza, hata miwani hajavua.

Anajikuta barabarani. Ni barabara ya udongo mwekundu isiyo na mwanzo, na mbele yake kuna mtu anatembea kinyumenyume akikokota tawi la mti, anafuta alama za magari na za miguu, vile vile Nyange afanyavyo kabla ya kupiga picha, ili pori lionekane halijapata kukanyagwa. Nyange anapiga hatua, akiburuta mguu wake mbovu, hatua inafutwa. Anapiga nyingine, inafutwa, mpaka anaanza kuwa na shaka kama kweli anatembea. Ndugu yangu, anamwita, barabara hii inakwenda wapi? Inakwenda kule ulikoniambia niende. Nilikuambia lini? Utakumbuka wapi, ulikuwa unalikimbiza jua. Mtu anainua kichwa, na pale penye uso hapana uso, ni laini tu kama kiazi kilichomenywa. Nyange anataka kukimbia lakini barabara imejikunja mbele na nyuma, kila upande unaishia kwa mtu yule yule. Namtafuta Mwandawiro, anasema, mkulima, aliuawa na ndovu, nina shida naye kabla ya jioni. Mtu anacheka bila mdomo. Kitendawili, anasema. Tega, anajibu Nyange kwa mazoea ya utotoni. Nikiwapo paharibika, nikiondoka papendeza, na pale ni kwangu. Nyange anafikiri. Nzi? Siye. Takataka? Tusi hilo, mzee. Kivuli? Umeshindwa, nipe mji. Na kwa kuwa ndiyo desturi ya vitendawili, aliyeshindwa hutoa mji, Nyange anasema haya, chukua Voi, nakupa Voi yote na soko lake. Mtu anabana tawi kwapani, anaenda Voi, anakula, anakunywa, anarudi, na jibu hatoi. Badala yake mji wenyewe unachipuka kandokando ya barabara, mabati yake yameng'arishwa yakawa vioo, nyumba inatazama nyumba, na ndani ya kila ukuta kuna Nyange anayekuja kumlaki Nyange.

Katikati ya mji hamna mtu. Barabara nyeupe, uwanja mweupe, mlima nyuma yake umekaa vizuri kabisa. Watu wote wamejibana kandokando, bega kwa bega, mpaka wengine wameparamia kuta: akina mama waliokumbatia nguo mbichi za kufua, wachungaji na mbuzi wao, mafundi waliobeba nguzo ya umeme na hawana pa kuitua, bibi mmoja na mtungi wake wa plastiki wa manjano. Nyuso hawana. Mbuzi nao hawana. Nyange anauliza, mbona mmesongamana hivi na uwanja mtupu? Mama mwenye nguo anawaambia wenzake, jamani, si huyu? Si huyu wa kusema mama sogea kidogo, nguo zako zinaziba mlima? Ndiye, wanasema, ndiye mwenyewe, hata mguu ule ule wa kuburuta. Tulisogea, baba. Tukasogea tena, ukasema bado kidogo. Kisha ukapiga picha yako ukapanda gari, na sisi hatujaambiwa turudi. Nguo zangu hazijakauka mpaka leo, anasema mama, na nimezikamua mpaka zimekuwa nyuzi. Wanacheka wote, kicheko kinapita kwenye mabati na kurudi kimechoka. Nyange anasema shikamooni, anasema poleni, anasema mimi nilitaka tu watu wa mbali waipende nchi hii. Wakaipenda? anauliza bibi wa mtungi. Sana. Ah. Walitaka kuja kuishi? Walitaka ibaki hivyo hivyo. Bibi anahamisha mtungi kutoka bega moja kwenda bega la pili.

Mwandawiro yuko wapi? Wanamwonyesha kwa videvu, kila kidevu na upande wake. Anakwenda kulia, mji unajirudia, kushoto kumekuwa kulia, zahanati imekuwa soko, soko limekuwa mto uliokauka, naye anaona jua limesimama pale pale kama limeambiwa nalo litulie, na bado moyo unamwambia jioni inakaribia, inakaribia. Kila kona yule wa tawi anamngoja. Kitendawili. Tega. Nipe mji. Anampa Mwatate, anampa Wundanyi na ubaridi wake, anampa Taveta, na kila mji unaotolewa unachipuka mtupu katikati na umejaa pembeni, mpaka Nyange hana mji tena ila kile kijiji cha Mkamburi. Hicho sitoi, anasema. Basi jibu. Nyange analia machozi ya hasira. Ni mtu, anasema, jibu ni mtu. Na yule wa tawi, bila kumsifu, anampisha.

Hapo ndipo lilipo shamba. Mahindi yamesimama wima bila upepo, dungu limesimama, na chini ya dungu amesimama ndovu jike. Katika nchi yote ile ndiye pekee mwenye uso kamili. Kila kunyanzi lipo, kila unywele wa kope, vumbi limemkaa vizuri. Juu ya dungu Mwandawiro anapiga debe lisilotoa sauti. Uso wake umebaki mdomo na jicho moja. Karibu, Bwana Picha, anasema, panda, ila angalia ngazi, huyu mama ameng'oa kipago. Huna hasira naye? Nimekuwa naye siku zote hizi, tutagombana mpaka lini? Alikuja kula, nami nilikuwa nalinda chakula. Wewe je, umeambiwa unitoe? Ndiyo, mzee. Utanitoa? Sijui. Jicho moja la Mwandawiro linamtazama bila haraka. Yeye alinikanyaga mara moja, anasema. Kisha anapangusa mikono kwenye suruali, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mkamburi hajambo? Hajambo. Anataka kukuona uso. Basi niite, Bwana Picha, niite kabla hili jicho nalo halijakwenda. Huku mtu harudi mpaka aitwe na yule aliyemtoa.

Nyange anajaza pumzi. Ana maneno tayari kinywani, mzee Mwandawiro, rudi, na watu wa kandokando nao wanangoja, mama amebana nguo zake kifuani, mafundi wamekaza mabega chini ya nguzo, wanajua mlango ukifunguliwa kwa mmoja unafunguliwa kwa wote. Nyange anafungua kinywa. Na kinywa, kilichosema jambo moja maisha yake yote, kinasema: sogea kidogo, mzee. Mwandawiro ni mtu wa adabu. Anainuka, anashuka ngazi kwa uangalifu, anaruka pengo la kile kipago, anasogea. Nyange anapiga kelele, hapana, si hivyo, rudi, lakini linalotoka ni bado kidogo, bado kidogo, na watu wote wanarudi nyuma pamoja, hakuna anayelalamika, mpaka wamekuwa vumbi, mpaka hata vumbi limetulia. Anabaki ndovu peke yake kwenye nyasi tupu, mlima nyuma yake, mwanga wa dhahabu ubavuni. Ni picha nzuri kuliko zote alizopata kuona. Mikono ya Nyange inainua kamera bila kumwomba ruhusa.

Hodi, inasema sauti. Hodi humu. Nyange anashtuka, shavu limenata mezani, kidole bado kiko juu ya kitufe, na hakumbuki kama kimebonyeza. Karibu, anasema. Nimekuja mapema, kaka, anasema Mkamburi nyuma yake, nimeona nimwone kwanza mimi kabla ya watu, nisije nikajiaibisha mbele za wakwe. Kiti kinavutwa. Nyange anaitafuta picha, na ipo, Mungu wangu, ipo, Mwandawiro yuko juu ya dungu mzima na macho yake yote mawili, anacheka. Huyo, anasema Nyange, mwone. Mahindi nayaona, anasema Mkamburi. Mahindi yetu hayo. Yeye yuko wapi? Nyange anairudisha picha nyuma, anaicheza upya. Huyo hapo, dada, juu ya dungu. Dungu nalo naliona, halina mtu. Labda ni macho, nimelia sana siku hizi. Mkono wake unapita pembeni ya bega la Nyange, una tope la shamba kwenye kucha, unatua juu ya kioo. Hapa? Juu kidogo. Hapa? Hapo hapo. Anafanya nini? Anacheka, dada. Anakutazama. Kiganja kinatulia juu ya kioo, kinakaa, kinakaa. Basi usimtoe, anasema Mkamburi, aliyekwisha kusikia habari ya simu. Hata nisipomwona, mwache hapo. Sitamtoa, anasema Nyange, na anasogeza kidole mbali na kitufe. Anataka kugeuka amtazame mjane usoni amwahidi vizuri. Shingo inakataa, inaogopa itakachokuta pale penye uso.