Doa Nililoliacha Katikati

Wifi yangu Agustina aliolewa kwa ng'ombe wangu. Kwetu Wakurya hilo si tusi: mimi niliolewa, mahari yangu ikaingia zizini kwa baba, kisha ng'ombe walewale wakatolewa kumwolea kaka yangu Wangwe mke. Sasa huyo mke, mwaka mmoja baada ya kumzika mama, nilimkuta uani kwake Nyamongo anafuta mnyororo wa pikipiki kwa kitambaa alichodarizi mama yangu. Nilimeza hasira. Nikaomba vitambaa vilivyobaki, pamoja na hicho chenye oili.

"Chukua, wifi," akasema, akanirushia kiroba. "Matambara tu hayo ya marehemu."

Matambara! Mama alividarizi macho yakiwa yameanza kumwishia, anapapasa sindano kwa kidole. Maua, korongo, ng'ombe mwenye pembe zilizopinda. Alitaka viungwe viwe tandiko la kitanda cha mjukuu wake Ghati, binti wa huyohuyo Agustina, siku atakapoolewa. Agustina alilisikia hilo kwa masikio yake.

Nina cherehani sokoni Sirari. Nilivipiga pasi vitambaa, nikavikata vilingane, nikaviunga. Chini niliweka blanketi jepesi, na chini yake bitana ya bluu, kisha nikashona kwa mkono kuzunguka kila ua ili visichezecheze. Kile chenye oili sikukifua. Nilikiweka katikati kabisa. Kila nikichoma sindano nilimwona Agustina, na moyo wangu ulifurahi, sitadanganya.

Siku ya kumuaga Ghati, wakwe walivuka mpaka kutoka Isebania. Kwenye zawadi, shangazi hutangulia. Niliingia nikicheza, tandiko kichwani, wanawake wakipiga vigelegele. Tulipolikunjua, ukumbi ulisema "Aaa!" Halafu wakaliona doa, jeusi, kubwa kama sahani.

Nikachukua kipaza sauti. "Hii ni kazi ya mikono ya bibi yake Ghati. Na hilo doa ni kazi ya mikono ya mama yake, alipofutia pikipiki. Nimeziunga zote, asije akamsahau hata mmoja."

Agustina alisimama, akalishika tandiko kwenye pindo. "Nitalifua," akasema kwa sauti ndogo.

"Ukilifua, nyuzi zitachuja rangi. Utamaliza na maua uliyoyabakiza."

Mama mkwe wa Ghati, Akinyi, mwanamke mnene mwenye kilemba cha dhahabu, alikuja akapapasa korongo mmoja. Akamtazama Agustina kutoka miguuni hadi kichwani. "Hii haiendi chumbani," akasema. "Hii naweka kwa kochi ya wageni, kila mtu aione. Na akiuliza, tutamwambia."

Watu wakapiga makofi. Agustina naye akapiga, angefanyaje? Niliitazama mikono yake ikigongana bila sauti, nikashiba.

Kisha Ghati akanivuta pembeni, wanja ukimchuruzika mashavuni.

"Shangazi, leo ilikuwa siku yangu. Si ungengoja siku nyingine?"

Nampenda yule mtoto kuliko wanangu wa kuwazaa. Nilimfuta uso kwa upindo wa kitenge changu, taratibu, nisimharibie poda.

"Siku nyingine, mwanangu," nikamwambia, "watu wasingekuwepo."