Sheria ya Kushoto

Nchi ya Tambarare ilikuwa na mfalme, ilikuwa na baraza, tena ilikuwa na sheria hata za kuazima kwa majirani. Kitu ilichokosa ni mahali pa kupita.

Si kwamba haikuwa na barabara. Ilikuwa nayo moja pana, iliyotoka bondeni walikoishi raia, ikapita mbele ya ikulu ya Mfalme Kiboko, kisha ikapanda hadi mlimani yalikokuwa mashamba ya nchi nzima na nyumba ya Mkunga Nyani. Kila masika kila kaya ilitoa kikapu cha kokoto za kuitengeneza. Kokoto hizo alizipokea Ngiri, Waziri wa Njia, kwa shukrani nyingi na hotuba ndefu, na baada ya hapo hazikuonekana tena, isipokuwa na wale waliowahi kualikwa nyumbani kwake, ambako ua mzima ulikuwa umemwagwa kokoto, mpaka kijia cha kwendea chooni.

Basi mvua ikaitafuna barabara. Kidogo kidogo, juu kidogo ya ikulu, upande wa kushoto wa mwenye kupanda, pakafunguka shimo ambalo gari la kukokotwa lilizama mpaka kwenye mhimili. Upande wa kulia ulibaki mzima. Lakini sheria ya Tambarare ilisema kila msafiri apite kushoto, na atakayepita kulia atozwe faini. Kwa hiyo Fisi, askari wa njia, hakuwa na haja ya kuzunguka kutwa akitafuta wakosaji. Alijenga kibanda chake pale pale penye shimo, akaketi kivulini, na wakosaji wakamfuata wenyewe.

Katikati ya masika, Bi Punda alikuwa akipanda mlima na gari lake, juu yake amelala jirani yake, Bi Digidigi, aliyeshikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Walipofika penye shimo, Bi Punda akachepuka kulia. Fisi akatokeza.

"Simama! Unakwenda wapi huko?"

"Afande, nina mzazi. Kushoto hakupitiki."

"Nani kakwambia hakupitiki? Umejaribu?"

"Shimo hili hapa unaliona, Afande."

"Mimi naona punda upande wa kulia," alisema Fisi. "Faini yako ni gunia la mahindi."

"Gunia nitalitoa wapi sasa hivi? Mwache mwenzangu afike kwa mkunga, nikirudi nitalipa. Nyumbani kwangu unapajua."

Kutoka ndani ya gari Bi Digidigi alilia, "Baba, nihurumie."

Fisi akatazama pembeni, akajikuna. "Mama, huruma ninayo, ila sheria haina. Kama huna gunia, rudi nyuma upite kushoto kama raia mwema."

Bi Punda akarudi nyuma, akapita kushoto kama raia mwema. Gurudumu la kwanza likazama, la pili likafuata, maji ya matope yakaingia garini. Alivuta mpaka magoti yakamchubuka. Waliopita nyuma yake walisukuma, wengine wakakimbia mlimani kumwita Mkunga Nyani, naye akaja akiteleza utelezini na kitambaa chake kichwani. Alipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa ndani ya yale maji, na hakulia hata mara moja.

Walimzika kando ya barabara. Fisi alivua kofia wakati wa maziko, akaivaa tena walipomaliza.

Kilio kilipotulia, Bi Punda na Bi Digidigi wakaenda barazani. Mfalme Kiboko aliwapokea akiwa ndani ya bwawa lake, maji yamemfika shingoni, anatafuna tikiti. Ngiri alikaa kulia kwake. Juu ya nguzo alikaa Kasuku, Msemaji wa Ikulu.

Bi Punda akaeleza yote, hakuzidisha wala hakupunguza. Mfalme alisikiliza macho yakiwa nusu wazi.

"Waziri," akasema, "kuna nini huko barabarani?"

"Mtukufu, barabara yetu ni imara," alijibu Ngiri. "Ila kuna sehemu ambayo imeshuka kidogo ili kupokea maji."

"Maji? Mengi?"

"Ya kutosha kuoga, Mtukufu."

Mfalme akatabasamu. "Sasa hili ni la kulalamikia? Mimi bwawa langu lilichimbwa kwa miaka, ninyi mmeletewa lenu mpaka mlangoni!"

Baraza zima likacheka, maana matikiti yalikuwa bado hayajagawiwa.

"Mtukufu," alisema Bi Digidigi kwa sauti ndogo, "mwanangu amefia mle."

Kicheko kikakatika. Ngiri akakohoa. "Tumesikitika, mama. Lakini tuulizane kwa upole: nani alikushauri kuzaa masika? Wizara yangu kila mwaka inawahimiza wananchi wazae kiangazi."

Bi Digidigi akamtazama Ngiri, akamtazama Mfalme, kisha akainama, akatoka. Hakungoja maamuzi. Bi Punda alibaki, kwa hiyo yeye ndiye aliyeyasikia Kasuku alipoyatangaza: kwamba mahali pale pataitwa Kidimbwi cha Taifa, kwamba atakayepaita shimo atashtakiwa kwa kuichafua nchi, na kwamba, kwa kuwa serikali inajali maisha ya wasafiri, askari wa njia wataongezwa.

Jioni ile Bi Punda alimkuta shoga yake ameketi nje, hajawasha moto.

"Wameongeza fisi," alisema.

"Nilijua."

"Tufanye nini, mwenzangu? Tukipita kulia tunatozwa. Tukipiga kelele tunafungwa."

Bi Digidigi akageuza uso kuelekea barabarani. Kisha akasema, "Tutii."

"Nini?"

"Tutii, Bi Punda. Wote. Kushoto, kushoto, kushoto. Mimi nimetii nikiwa peke yangu, ukaona yaliyonipata. Hebu nchi nzima itii, tuone yatampata nani."

Neno likapita kaya kwa kaya. Kiangazi kilipoingia na watu wakaanza kupanda kwenda kuvuna, gari la kwanza likaingia shimoni upande wa kushoto, likakaa. La pili likasimama nyuma yake. Nyati na mkokoteni wake akasimama nyuma ya la pili, pundamilia nyuma ya Nyati, mpaka foleni ikapita mbele ya ikulu na kuteremka bondeni. Walifungua vyakula vyao, wakala majani ya kando ya barabara, wakapiga soga.

Mwanzoni Fisi na wenzake walioongezwa walifurahi. Baadaye Fisi akaona hakuna wa kumtoza.

"Haya, piteni kulia basi!" alifoka.

Nyati akashtuka. "Kulia, Afande? Unatutaka tuvunje sheria?"

"Leo nimeruhusu."

"Hapana, Afande. Sisi ni raia wema."

Fisi akaomba, akabembeleza, mwisho akaahidi kumlipa gunia yeyote atakayepita kulia. Hakuna aliyejongea. Mashamba hayakuvunwa, na kwa kuwa hakuna aliyepanda, hakuna aliyeteremka. Matikiti ya ikulu yakaisha. Mawaziri wakaanza kutazamana matumbo.

Mfalme alivumilia mpaka njaa ikamtoa bwawani. Akaamua kwenda mlimani mwenyewe. Kasuku akaruka mbele akitangaza, "Mtukufu anakuja! Mtukufu mpenda sheria! Mtukufu aliye mfano kwa wote!" Raia wakasogeza magari pembeni kwa adabu, hata lile lililokuwa shimoni wakalinyanyua, wakainamisha vichwa. Kiboko akafika penye shimo. Akatazama kulia, kukavu na kuzuri. Akatazama raia wake, waliokuwa wamenyamaza wakimwangalia, na Kasuku bado anaimba kuhusu mfano kwa wote.

Akapita kushoto.

Maji yalikuwa yameshakauka, limebaki tope zito. Kiboko alizama mpaka mbavuni, akajaribu kugeuka, akazama zaidi.

"Waziri!" aliita.

Ngiri alikuja mbio, akatazama chini, akageukia umati. "Wananchi, Mtukufu amekitembelea Kidimbwi cha Taifa ili kukikagua."

"Nitoe, mpumbavu wee!"

"Anaendelea kukagua," alisema Ngiri, huku akirudi nyuma.

Jua likapanda. Ngozi ya Mfalme ilianza kukauka na kupasuka. Ngiri alisema anaitisha kikao cha dharura, akaondoka, wala hakurudi. Kasuku alipanda juu ya mti, akakosa maneno kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Fisi aliutazama umati, akaitazama ikulu iliyo tupu, akavua kofia, akaingia katika foleni kama raia mwingine.

Bi Digidigi akaja mpaka ukingoni. Alikuwa mdogo kiasi kwamba kivuli chake hakikufunika hata jicho la Mfalme.

"Mtukufu, uko wapi?"

"Shimoni!" Kiboko alilia. "Niko shimoni, mama, nisaidieni, nakufa!"

Watu waliokuwa nyuma walidhani atacheka. Hakucheka. Alisimama pale muda mrefu, na Bi Punda aliyekuwa kando yake alijua anachokitazama si mfalme.

"Tutakutoa," alisema mwishowe. "Humu asife mwingine. Lakini ukitoka, hurudi ikulu. Kuna kinamasi ng'ambo ya mpaka, kina maji mengi. Ukakae huko."

"Nitakwenda. Naapa."

Wakafunga kamba, wakamvuta, Bi Punda mbele. Alipotoka walimmwagia maji mwilini. Ikagundulika, hata hivyo, kwamba hakuna njia ya kufika kwenye kinamasi, na Kiboko hangeweza kupenya msituni. Basi raia wakaenda kwa Ngiri, wakamkuta anafunga mizigo, wakazoa kokoto zote za uani kwake. Wakakata miti, wakasawazisha ardhi, wakashindilia kokoto kutoka mlango wa ikulu hadi mpakani. Mfalme akapita humo pamoja na waziri wake, pasipo kujikwaa popote. Baada ya hapo ndipo walipoziba mashimo ya barabara ya mlimani.

Siku hizi Tambarare inatawaliwa na Nyati, ambaye hajambo kidogo, ingawa ameanza kupenda hotuba. Kila masika raia hutoka na vikapu vyao. Kabla ya kugusa barabara nyingine yoyote, huanza na ile ya kinamasini. Haitumiwi na mtu, lakini huifagia, huing'olea majani, huijaza kila palipobonyea, na humwalika Nyati aje aikague.

Yeye huja, huitazama jinsi ilivyonyooka, akasifu kazi yao, akarudi ofisini haraka kuuliza kama kuna shimo mahali.