Mikono Nyuma ya Mlango

Tulipohamia nyumba ile ya Igogo, wenyewe walikuwa wameondoka wiki mbili tu, na harufu ya bizari zao bado imekaa sebuleni. Mwanangu Seif aliinunua kwa familia moja ya Kihindi iliyohamia Nairobi. Makochi walibeba. Waliacha vile vitu ambavyo mtu huviacha akishachoka kufungasha: kibao cha chapati kilichopasuka, ndoo haina mkono, kalenda ya mwaka juzi, na kwenye droo ya jikoni kikopo cha bati chenye unga mwekundu. Mkwe wangu Maulida akaunusa, akasema labda pilipili. Nikamwambia aonje. Akaonja. Alitema mate mpaka adhuhuri.

Vyumba vilikuwa vitatu na stoo. Kimoja cha Seif na Maulida, kimoja cha wajukuu wa kiume, na cha tatu kina dirisha la kuangalia ziwa. Ukikaa kitandani unaona maji, unaona na yale mawe yaliyobebana. Hicho nilikitaka. Nina miaka sabini na mbili, na vyumba vyote nilivyolala maishani vilitazama choo cha jirani. Lakini nilimsikia Maulida akimwambia mumewe, "Hiki cha wasichana. Mama tutamsafishia stoo, si yuko peke yake?"

Stoo ilikuwa ya mkaa, haina dirisha. Seif akajibu, "Tutaona." Mwanangu akisema tutaona, ujue ameshakubali.

Siku hiyohiyo Maulida alifunga mlango wa kile chumba ili apime pazia, akapiga ukelele. Nyuma ya mlango, kwenye mbao, usawa wa kifua, palikuwa na viganja viwili vyekundu, vidogo, vidole vimetanuliwa.

"Mama! Damu!"

Mimi sikujua ni nini, ila nilijua ninachotaka. Nikavaa miwani, nikatazama taratibu kama daktari aliyelipwa.

"Si damu. Huyu ni bibi harusi wa kijini, ameweka alama chumba chake. Wasichana wasilale humu, atawaonea wivu."

"Sasa nani atalala?"

"Labda mzee. Mzee ana nini cha kuonewa wivu?"

Jioni kitanda changu kilikuwa chini ya dirisha.

Jumatatu iliyofuata niko peke yangu nachambua mchele, akabisha kijana wa wale wenye nyumba, Kunal, kaleta funguo ya geti la nyuma.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Ulisahau funguo, au umesahau kwamba umeuza?"

Akacheka, kisha akaomba kuona mlango wa chumba cha ziwa. Nilimpeleka. Alisimama mbali, hakugusa.

"Vyote tulivyoacha ni vyenu, bibi, mkitaka mtupe. Naomba mlango huu tu. Hii ni mikono ya dada yangu Dhara. Kwetu binti akiolewa, kabla hajatoka kwa wazazi anachovya mikono kwenye unga mwekundu uliokorogwa na maji, anaibandika, ndipo anakwenda. Aliolewa Kampala. Mwaka haukuisha, akafa kwa uzazi, yeye na mtoto."

"Mbona hamkuung'oa mlipohama?"

"Mama amekataa. Alikuwa hospitali, miguu. Anasema mlango hautoki mpaka aje mwenyewe auone pale ulipo. Nitamleta Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na fundi, na mlango mpya wa kwenu. Waambie wa nyumbani wasiiguse, tafadhali. Mama hana kingine cha dada chenye umbo lake."

"Nitawaambia," nikasema.

Sikuwaambia. Nikisema ni mikono ya binti wa watu, jini anakwisha, na jini akiisha, mimi na mkaa. Nilijipa mwezi mmoja wa ziwa. Nikajisemea siku ya Jumamosi yenyewe nitatafuta la kusema. Sijawahi kukosa la kusema.

Wiki ya mwisho nikapata msiba Kisesa. Shoga yangu Kija, tuliyemaliza naye darasa la saba dawati moja, alifariki. Nikakaa siku tatu. Niliporudi Alhamisi, harufu ya rangi ilinipokea getini.

Maulida alitoka mbio, kanga kiunoni, matone ya rangi puani.

"Mama, tumekuokoa!"

Alipiga msasa ule mlango mpaka mbao ikawa nyeupe, akapaka rangi ya maziwa mara mbili, akaleta na mwalimu wa madrasa asome. Nikatazama. Palikuwa safi kama sahani.

"Nani kakutuma?"

"Nilikuwa silali, mama," akasema, na machozi yakamlenga. "Nakufikiria uko humo peke yako na lile dudu. Nikasema mama akirudi kutoka msibani, akute chumba salama."

Mkwe niliyemdanganya ili nimpore chumba, yeye alikuwa halali kwa ajili yangu. Nikamfuta matone ya rangi puani kwa ncha ya kanga yangu.

Ijumaa, Seif yuko msikitini na Maulida sokoni, nilitoa kile kikopo kwenye droo. Nikakoroga unga kwenye sahani, nikachovya mikono, nikaibandika mlangoni. Mikono yangu ni mipana, imelima, imefua, vifundo vimevimba. Nikaibana vidole ili iwe midogo. Nikatundika kanga juu yake. Kisha nikanawa, nikanawa tena.

Jumamosi walikuja. Mama yake Kunal, Bi Priya, alishuka kwenye gari na mkongojo, mwembamba, nywele zote nyeupe. Nikamwambia Maulida wamefuata mlango wao, nikampeleka jikoni akapike chai, nikawapitisha, nikavuta kanga.

Kunal alipoona ule wekundu alifunika uso, akatoka kwenda ukumbini. Bi Priya akasogea. Aliinua kiganja akakiweka mbele ya mkono wa kulia bila kugusa, kama mtu anayeota moto.

"Rangi mpya," akasema.

"Tulipaka pembeni tu. Mikono tukairuka."

Kisha akanigeukia, akanipa mkono, nami nikampa wangu kwa adabu. Hakuuachia. Aliugeuza juu, akautazama. Kwenye mistari ya kiganja na pembeni ya kucha, wekundu ulikuwa umekaa.

"Umenawia nini?"

"Sabuni."

"Kwa sabuni hautoki. Paka mafuta ya nazi, kaa nayo, ndipo unawe."

Nikasubiri anitukane. Ningemshukuru.

"Dhara alikuwa na kidole kimepinda," akasema, akinigusa kidole changu cha mwisho. "Hiki. Alibanwa na mlango wa gari ana miaka sita. Pale mlangoni kilionekana vizuri sana."

"Mama," Kunal akaita kutoka ukumbini, sauti imejaa maji. "Umeiona? Si nilikuambia ipo? Tuung'oe?"

Alimtazama mwanawe muda mrefu, halafu mlango, halafu akauachia mkono wangu.

"Ndiyo hii," akasema. "Ung'oeni."

Fundi akafungua bawaba, wakaufunga mlango kwa sari ya kijani, wakautoa taratibu kama wanatoa mgonjwa. Getini Kunal alimshika Maulida mkono.

"Asante dada. Nilimwomba bibi awaambie msiiguse mikono ya marehemu dada yangu, mkaitunza. Mungu awalipe."

Maulida alifungua mdomo. Akanitazama usoni, kisha akatazama mikono yangu. Nikaificha ndani ya kanga, nimechelewa.

"Karibuni tena," akawaambia.

Hakunisema kwa Seif. Hakuninunia hata. Jioni nilisikia ufagio stoo, kisha akaja chumbani kwangu na ndoo ya mkaa uliobaki, vumbi jeusi mpaka kwenye nyusi.

"Mama," akasema kwa upole, "jini ameondoka na mlango wake. Wasichana watalala huku sasa."

"Sawa, mwanangu."

Mlango mpya una kitasa cha kung'aa, na wajukuu wanaufunga wakicheka ndani. Mimi niko stoo. Mafuta ya nazi yapo jikoni, sijapaka. Wekundu utatoka ukitaka wenyewe. Na huko Nairobi, kwenye ukuta wa watu, mikono yangu imetundikwa. Nadhani Kunal anaiwekea maua kila asubuhi, na mama yake amekaa kitini anamtazama, anajua, anamwacha aweke.